Nyuzi 100 Mjini Bunia: Historia ya Fizikia ya Shule na Mpaka wa Kurahisisha

Mji wa Bunia, makao makuu ya mkoa wa Ituri nchini Kongo, uko kwenye uwanda wa juu magharibi mwa Ziwa Albert, karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari na digrii moja na nusu hivi kaskazini mwa ikweta. Kwa kimo hicho shinikizo la hewa ni kama asilimia 86 ya lile la pwani, na maji safi yakiwekwa motoni huchemka yanapofika kama nyuzi 96 za Selsiasi. Hata hivyo, vizazi vya wanafunzi wa mji huo vimeandika daftarini na kukariri kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Vimeandika pia kwamba mchapuko wa kitu kinachoanguka ni 9.81, tarakimu iliyo sahihi Brussels na Paris. Bunia, kwa sababu ya ukaribu wa ikweta na kimo cha uwanda, ni karibu 9.78.

Tarakimu hizo mbili zinafungua swali ambalo walimu wa sayansi wamelijadili kwa muda mrefu: kumrahisishia mwanafunzi fizikia ni kumsaidia au ni kumpotosha? Hakuna shule inayoweza kufundisha fizikia yote kwa mara moja, kwa hiyo kila somo huacha kitu nje. Historia ya somo hilo huko Ituri inaonyesha kwamba hukumu haitegemei wingi wa kilichoachwa. Inategemea sababu iliyofanya kiachwe, na kama mwanafunzi amebakiziwa njia ya kuipima kauli ya mwalimu pale pale anapoishi.

Maji yanayochemka kabla ya shule

Kwamba maji huchemka kwa joto dogo zaidi mahali penye mwinuko si ugunduzi wa karibuni. Wataalamu wa Ulaya walilijua jambo hilo tangu karne ya 18, na wasafiri wa karne ya 19 walilifanya kuwa chombo cha kazi. Barometa ya zebaki ilikuwa ndefu na rahisi kuvunjika njiani, lakini kipimajoto na birika dogo viliweza kubebwa na mpagazi yeyote. Msafiri alichemsha maji, akasoma nyuzi, kisha akakisia kimo cha mahali alipo. Kwa hesabu ya haraka, kila mita 300 za mwinuko hupunguza kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi moja.

Ziwa Albert lenyewe liliingia kwenye ramani za Ulaya kwa njia hiyo. Samuel Baker alifika ufuko wake wa mashariki tarehe 14 Machi 1864, akachemsha maji na kukadiria kwamba ziwa liko zaidi ya mita 800 juu ya bahari. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba kimo chake ni karibu mita 620. Kosa la mita mia mbili linaonekana kubwa, lakini kwenye kipimajoto ni pungufu ya nyuzi moja. Desemba 1887 msafara wa Henry Morton Stanley ulitokeza kwenye ukingo wa uwanda wa Ituri, ukaliona ziwa kule chini, na vimo vikaandikwa tena kwa kusoma shinikizo la hewa.

Kwa hiyo sharti la kimo, yaani kwamba nyuzi 100 ni za usawa wa bahari tu, lilitumika katika eneo la Bunia kabla ya shule yoyote ya kisasa kufunguliwa huko. Lilipokuja suala la kuchora ramani, sharti hilo lilikuwa muhimu kiasi cha kubebewa vyombo porini. Shuleni, miaka mingi baadaye, lilidondoka njiani.

Fizikia iliyopunguzwa kwa makusudi

Shule za Ituri zilianza na misheni. Mkataba wa 1906 kati ya Dola Huru ya Kongo na Vatikani uliyapa mashirika ya Kikatoliki ardhi na wajibu wa kufundisha. Wamisionari wa Africa Inland Mission waliingia upande wa Mahagi mwaka 1912, na Mapadre Weupe wakaendesha misheni za Kikatoliki za ukanda wa Ziwa Albert, ambazo mwaka 1959 zilikuwa jimbo la Bunia. Shule za Wakatoliki wa Kibelgiji zilipata ruzuku ya serikali tangu miaka ya 1920. Zile za Waprotestanti zilisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1940.

Mwaka 1921 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ilipita Kongo ya Kibelgiji na kupendekeza elimu inayoendana na maisha ya kijijini: kilimo, usafi, kazi za mikono. Kanuni za elimu za serikali za 1929 zilifuata mwelekeo huo huo. Mtoto alisoma dini, kusoma na kuandika, hesabu, usafi na bustani. Sayansi ilipatikana kwa njia ya mazungumzo juu ya vitu vya kawaida kama mvua, udongo, mbu na maji ya kunywa. Mwalimu alieleza kwamba maji yachemshwe kabla ya kunywewa. Maelezo ya nini hutokea maji yanapochemka hayakuwemo.

Kuanzia somo na kitu ambacho mtoto anakijua ni ualimu mzuri, na walimu wa leo bado wanashauriwa hivyo. Tofauti ilikuwa mwisho wa safari. Huko Ubelgiji, mazungumzo juu ya mvua yalikuwa mlango wa kuingilia darasa la fizikia miaka michache baadaye. Kwa mtoto wa Ituri hapakuwa na darasa la baadaye. Aliyefaulu sana alikwenda seminari, chuo cha ualimu wa msingi, mafunzo ya ukarani au ya ufundi. Kilichorahisishwa kilikuwa kimekatwa, na aliyekata alikuwa ameshaamua kwamba mwanafunzi hatahitaji zaidi.

Hali hiyo ilikuwa ya ajabu zaidi kwa sababu Ituri ilikuwa imejaa fizikia. Dhahabu ya eneo la Kilo iligunduliwa mwaka 1903, uchimbaji ukaanza 1905, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Migodi ilihitaji mifereji, pampu, mashine za kusaga mawe na umeme wa maji. Kituo cha Budana kwenye mto Shari, ambacho kilijengwa kwa ajili ya migodi, ndicho kilichokuja kuupa mji wa Bunia taa. Kazi yenyewe ya kuosha dhahabu ni somo kamili la uzito kwa ujazo. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya mchanga wa kawaida ina kama gramu 2.6, kwa hiyo maji yanayopita juu ya karai huondoa mchanga na dhahabu hubaki chini. Mfanyakazi wa Kilo aliyatumia maarifa hayo kila siku kwa mikono yake. Nadharia yake ilibaki kwa wahandisi kutoka Ulaya.

Upande wa kusini wa koloni, pengo hilo lilikuwa kubwa zaidi. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, ilitumika katika mradi wa Marekani uliozaa bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Wakati huo, nchi iliyotoa madini hayo haikuwa na chuo kikuu hata kimoja.

Programu ya Ubelgiji yaletwa nzima

Mabadiliko yalianza na mageuzi ya elimu ya 1948, yaliyofungua njia ya shule za sekondari kamili kwa baadhi ya Wakongo. Kuanzia 1954, waziri wa makoloni Auguste Buisseret alipanua shule za serikali zisizo za dini. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Leopoldville, Kinshasa ya leo. Mkuu wake, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padre na mwanafizikia. Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, kinu cha nyuklia cha TRICO kilianza kufanya kazi hapo, cha kwanza katika bara la Afrika. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50.

Shule mpya za sekondari hazikuendelea na elimu iliyopunguzwa. Zilichukua programu ya Ubelgiji, kwa sababu iliyoeleweka: wazazi na wanafunzi wa Kongo walidai vyeti vyenye thamani sawa na vya Ulaya, na neno lolote juu ya elimu ya kufaa Waafrika lilinuka dharau ya zamani. Vitabu vikaja kutoka Brussels na Paris vikiwa na sheria za Newton, Ohm na Archimedes, pamoja na mifano iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto wa kule.

Hapo ndipo tarakimu 100 na 9.81 zilipopata kiti cha kudumu. Mwandishi wa kitabu wa Brussels hakuwa mwongo. Mji wake uko chini ya mita mia moja juu ya bahari, na maji ya jikoni kwake huchemka kwa nyuzi 100 kasoro kidogo sana, tofauti ambayo kipimajoto cha shule hakiwezi kuionyesha. Aliliacha sharti la shinikizo kwa sababu halikumhusu mwanafunzi wake. Kurahisisha kulikokuwa halali Brussels kuligeuka kosa kulipopandishwa Bunia bila kusahihishwa.

Kosa hilo lingeweza kuonekana bila kutoka Ituri. Kasenyi, ufukweni mwa Ziwa Albert, maji huchemka kwa karibu nyuzi 98. Bunia ni 96. Kwenye nyanda za juu za Djugu, zinazozidi mita 2,000, ni kama 93. Mpishi wa maharage anaijua tofauti hiyo kwa muda na kwa makaa: sufuria ile ile na maharage yale yale hukawia zaidi juu kuliko ziwani, hata moto ukichochewa namna gani, kwa sababu maji yakishachemka hayaongezi joto tena. Mkoa mmoja unabeba somo zima la uhusiano wa shinikizo na kuchemka.

Kivuli ni mfano wa pili wa namna hiyo. Katika kitabu cha Ubelgiji, kivuli cha saa sita mchana huelekea kaskazini mwaka mzima. Bunia si hivyo. Fimbo ya mita moja iliyosimamishwa wima hutoa kivuli cha kama sentimita 40 kuelekea kusini mwishoni mwa Juni, na kama sentimita 47 kuelekea kaskazini mwishoni mwa Desemba. Kivuli hutoweka karibu kabisa mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba. Maelezo ya mzunguko wa dunia yanayothibitishwa kwa fimbo hiyo yanahitaji ua wa shule na kamba tu, lakini hayakuwemo kitabuni kwa sababu kitabu kilitungwa kwa ajili ya anga lingine.

Ubao, daftari na mtihani wa taifa

Uhuru wa 1960 uliikuta Kongo ikiwa na walimu wa sekondari wachache mno wa nchi yenyewe. Wabelgiji wengi waliondoka, na UNESCO ikatafuta walimu nje, wakiwemo Wahaiti wengi waliojua Kifaransa. Mwaka 1961 taasisi ya taifa ya ualimu ilianzishwa Leopoldville, na baadaye taasisi za juu za ualimu, zinazojulikana kwa kifupi ISP, zikaenea mikoani, Bunia ikiwa mojawapo. Wahitimu wake ndio waliobeba somo la fizikia katika shule za Ituri.

Mwaka 1967 serikali ilianzisha mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, Examen d'État, ili kuweka kipimo kimoja kwa nchi nzima. Mikondo ya sayansi, hasa ule wa Math-Physique, ikawa ya heshima. Mtihani huo ulileta haki ya aina fulani, kwa kuwa mtoto wa Bunia na wa Kinshasa walijibu maswali yale yale. Lakini swali la kuchagua jibu moja kati ya kadhaa halina nafasi ya neno "inategemea". Kauli ambayo mwalimu mzuri angeisema pamoja na masharti yake hulazimika kupunguzwa hadi tarakimu moja, na kadiri mtihani unavyokaribia ndivyo masharti yanavyozidi kupukutika.

Uchumi nao ulisukuma upande huo huo. Shule zilitaifishwa mwaka 1974, kisha mkataba wa 1977 ukayarudishia madhehebu uendeshaji wake. Miaka ya 1980 serikali ilipunguza matumizi ya elimu, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba sehemu kubwa ya malipo ya walimu. Katika mazingira hayo vitabu viliisha, vipimajoto vilivunjika bila kubadilishwa, na somo la fizikia likawa maandishi ya ubaoni. Mwalimu alinakili kutoka daftari lake la chuo na mwanafunzi akanakili kutoka ubaoni. Katika unakili wa namna hiyo, kinachodumu ni kanuni na tarakimu. Maneno madogo kama "kwenye usawa wa bahari" au "bila msuguano wa hewa" huwa ya kwanza kurukwa, kwa sababu ubao ni mdogo na saa ni fupi.

Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 vilimaliza kilichobaki katika shule nyingi. Mapigano ya Mei 2003 yalitikisa Bunia yenyewe, hadi Umoja wa Ulaya ulipopeleka kikosi cha Artemis kuanzia Juni hadi Septemba mwaka huo. Majengo ya shule yaliporwa au yaligeuka makazi ya waliokimbia vijiji vyao. Ghasia zilizozuka upya wilayani Djugu tangu mwisho wa 2017 zimerudisha hali hiyo kwa maelfu ya watoto. Somo linalofundishwa bila kitu cha kushika haliwezi kujirekebisha, kwa kuwa chombo pekee kinachoweza kumpinga mwalimu wa fizikia, yaani jaribio, hakipo.

Mjadala wa walimu

Swali la uhalali wa kurahisisha lilijadiliwa sana nje ya Kongo katika karne ya 20. Mwaka 1938 mwanafalsafa Mfaransa Gaston Bachelard, aliyewahi kufundisha fizikia na kemia katika sekondari, alichapisha kitabu juu ya namna akili ya kisayansi inavyojengwa. Alidai kwamba picha nyepesi hugeuka kizuizi: mwanafunzi huipenda kwa wepesi wake, kisha hukataa kuiacha inapomlazimu kusonga mbele. Mwaka 1960 Mmarekani Jerome Bruner alichukua upande mwingine. Kwake, somo lolote linaweza kufundishwa kwa mtoto wa umri wowote kwa namna iliyo aminifu, mradi mtaala ulirudie somo hilo hatua kwa hatua kwa undani unaoongezeka.

Katika nchi zinazosoma kwa Kifaransa, Yves Chevallard aliuweka mjadala huo katika lugha ya walimu mwaka 1985. Alionyesha kwamba maarifa ya mtaalamu hayaingii darasani jinsi yalivyo. Hubadilishwa na waandishi wa programu, halafu na mwalimu mwenyewe, na katika kila hatua hupoteza kitu. Kwa mujibu wake, jukumu la mwalimu ni kuukagua umbali huo kila wakati, kwa sababu kuufuta hawezi.

Afrika Mashariki ina kisa chake kinachojulikana zaidi. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba huko Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu akaona maziwa yaliyotiwa kwenye friza yakiwa moto yameganda kabla ya yale yaliyopozwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, kwa sababu kanuni ya kupoa inasema kilicho baridi zaidi kiko karibu zaidi na kuganda. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye hakulifukuza swali bali alilipeleka maabara. Wawili hao walichapisha makala mwaka 1969.

Wanasayansi hawajakubaliana hadi leo. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2016 ulitilia shaka kama jambo hilo hutokea kweli kwa maji ya kawaida. Lakini kwa suala la ualimu, mshindi wa ubishi huo si muhimu sana. Kanuni ya kupoa iliyofundishwa darasani ilikuwa imevuliwa masharti yake: kwamba chombo, mvuke unaotoka, mwendo wa maji ndani na barafu ya friza vyote vibaki sawa. Ikiwa na masharti hayo, kanuni ingezaa swali linaloweza kujaribiwa. Ilipovuliwa, ilitumika kumnyamazisha muulizaji.

Aina nne zisizo sawa

Kutokana na historia hiyo, kinachoitwa kurahisisha kinaweza kugawanywa katika aina nne, na kila moja ina hukumu yake.

Ya kwanza ni kukadiria. Shule hufundisha sheria za Newton za 1687 ingawa Einstein amekwisha kuonyesha, kati ya 1905 na 1915, kwamba si kamili. Kwa mwendesha pikipiki wa Bunia anayekimbia kilomita 60 kwa saa, tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni sehemu moja au mbili katika milioni bilioni. Hakuna chombo shuleni, wala katika karakana yoyote mjini, kinachoweza kuiona. Kukadiria kwa namna hiyo si kupotosha. Kunakuwa kupotosha pale kosa linapokuwa kubwa kuliko uwezo wa chombo cha mwanafunzi, kama ilivyo kwa nyuzi nne za kipimajoto cha kawaida.

Ya pili ni kuacha sharti. Mchapuko wa 9.81 hauna madhara katika zoezi la jiwe linaloanguka, lakini una madhara kwenye mizani. Mizani ya springi iliyorekebishwa Brussels ikipelekwa Bunia itasoma kilo moja pungufu kwa zaidi ya gramu 3, kwa kuwa springi hupima mvuto wa mahali. Mizani ya mikono miwili haina tatizo hilo, kwa sababu mvuto uliopungua hupungua pande zote mbili. Wanunuzi wa dhahabu wa Ituri, ambao machimboni hutumia hata vijiti vya kiberiti na sarafu za zamani kama mawe ya mizani, wanalinganisha tungamo kwa tungamo, na gramu yao ni ile ile hadi Kampala na Dubai. Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba uzito ni tungamo mara 9.81 hawezi kueleza kwa nini mizani moja huaminika na nyingine huhitaji kurekebishwa.

Ya tatu ni kielelezo. Mkondo wa umeme hufananishwa na maji ya mferejini, na mjini ambako taa hutoka kwa maji ya Shari mfano huo huingia akilini upesi. Unafaa kwa kueleza kwa nini waya mwembamba hupitisha kidogo. Haufai kwa kueleza kasi: elektroni katika nyaya za nyumbani husogea chini ya milimita moja kwa sekunde, ilhali taa huwaka papo hapo, kwa sababu waya mzima umejaa elektroni tangu mwanzo. Hali kadhalika atomu ya Bohr ya 1913, yenye elektroni zinazozunguka kiini mfano wa sayari. Wanafizikia waliiacha kufikia 1926, na shule bado huichora kwa sababu inaeleza mwanga wa hidrojeni kwa hesabu nyepesi. Kielelezo ni halali kikitajwa kuwa kielelezo na kikionyeshwa mahali kinapoishia.

Ya nne ni kauli isiyo ya kweli inayosemwa kwa sababu ni fupi. Kusema kwamba wanaanga huelea kwa kuwa huko juu hakuna mvutano si kurahisisha. Katika kimo cha kilomita 400 mvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa ardhini, na wanaanga huelea kwa sababu wanaanguka pamoja na chombo chao. Kusema kwamba kwenye ikweta jua huwa utosini kila siku saa sita ni kosa la namna hiyo hiyo, na fimbo ya uani hulikanusha. Kauli kama hizo hazijengi hatua inayofuata. Mwanafunzi lazima azibomoe kwanza ndipo asonge mbele.

Programu mpya na kinachobaki

Sheria ya elimu ya 2014 iliipanua elimu ya msingi ya Kongo hadi miaka minane. Kuanzia 2018 darasa la 7 na la 8 yalipata programu mpya za sayansi, ambamo fizikia imeunganishwa na teknolojia na habari katika somo linalofupishwa SPTIC. Programu hizo humtaka mwalimu aanze na tukio la maisha halisi ya mwanafunzi, akusanye naye maswali yanayotokana nalo, kisha aelekee kwenye kanuni.

Mwelekeo huo unafanana kwa nje na ule wa miaka ya 1920, kwa kuwa yote miwili huanzia nyumbani kwa mtoto. Tofauti yake ni kwamba safari haikatwi: kanuni kamili iko mwisho wa njia, na darasa la juu lipo. Unatofautiana pia na programu iliyonakiliwa kutoka Ubelgiji, kwa sababu unamruhusu mwalimu wa Bunia kuandika ubaoni tarakimu iliyopimwa Bunia. Sufuria, jiko la makaa na kipimajoto kimoja vinatosha kuonyesha nyuzi 96, na swali la kwa nini kitabu kinasema 100 huwa mwanzo wa somo la shinikizo la hewa.

Vikwazo vilivyobaki ni vya vitendo. Kipimajoto lazima kipatikane, mwalimu lazima awe amefundishwa kulijibu swali hilo bila kuliogopa, na mtihani wa taifa lazima utunge maswali yanayotaja masharti, kwa mfano kuuliza kiwango cha kuchemka kwa shinikizo fulani badala ya kuuliza kiwango cha kuchemka kwa jumla. Bila badiliko hilo la tatu, mwalimu aliyeonyesha 96 darasani atalazimika kuwaelekeza wanafunzi wake wajibu 100 kwenye karatasi. Na hapo ndipo mpaka ulipo: kanuni iliyopunguzwa inabaki elimu maadamu mwanafunzi anaruhusiwa kuipima na kutangaza alichokipata, na inakuwa upotoshaji siku anapotakiwa kukikana kipimo chake mwenyewe ili apate alama.